Alma Thomas hakuanza uzeeni

Kila anayeandika habari za Alma Thomas huanzia kwenye umri. Bibi wa miaka 80, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa shule ya serikali, anafungua onesho la peke yake katika jumba la sanaa la Whitney jijini New York mwaka 1972, na kabla yake hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupewa nafasi hiyo pale. Baada ya hapo msomaji hupewa dozi yake: umeona, hujachelewa, staafu kwanza, kisha ushike brashi.

Umri ni wa kweli na onesho ni la kweli. Kinachonikera ni ile miaka 35 ya darasani, ambayo hurukwa kwa sentensi moja kana kwamba mama wa watu alikuwa amekaa kituoni anasubiri basi.

Nakereka kwa sababu na mimi ni mwalimu. Nafundisha sanaa sekondari, somo ambalo kwenye ratiba huwekwa vipindi vya mwisho, jua limeshapiga bati na watoto wanawaza kwenda nyumbani. Ofisi ya walimu kwetu ina wimbo mmoja, nusu utani nusu kweli: subiri kiinua mgongo. Anayetaka kufuga kuku anasubiri kiinua mgongo, anayetaka kumalizia nyumba anasubiri, na mimi ninayechora nyumbani usiku naambiwa nisubiri vilevile. Kwa hiyo mwenzangu mmoja aliponitumia habari ya Alma Thomas kama mfano wa mwalimu aliyesubiri akafanikiwa, niliamua kumsoma mwenyewe. Nilichokikuta si mtu aliyesubiri.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1891 mjini Columbus, jimbo la Georgia, mkubwa katika mabinti wanne. Baba yake, John Harris Thomas, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Amelia Cantey Thomas, alikuwa mshonaji na mbunifu wa nguo. Hawakuwa fukara. Nyumba yao ilikuwa mlimani, na bustani ya maua, na likizo watoto walikwenda shambani kwa babu yao upande wa Alabama. Alma mdogo alichota udongo wa mfinyanzi kwenye kijito karibu na nyumbani akafinyanga vikombe na visahani. Lakini uwezo wa baba haukufungua mlango wa maktaba ya mji kwa watoto weusi, na shule ya sekondari kwao haikuwepo. Septemba 1906 makundi ya wazungu huko Atlanta, jimbo hilohilo, yaliwashambulia weusi kwa siku kadhaa na kuua. Mwaka uliofuata familia ikafunga mizigo kwenda Washington. Alma alikuwa akisimulia kwamba walipokaribia mji mama yao aliwaambia wavue viatu, wakung'ute mchanga wa Georgia, wasiingie nao huko waendako.

Washington nako kulikuwa na ubaguzi, shule zimegawanywa kwa rangi, ila shule za weusi pale zilikuwa miongoni mwa bora nchini. Wakahamia nyumba namba 1530 katika mtaa wa 15, kaskazini-magharibi mwa mji. Ishike hiyo anwani, maana Alma aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1978, ukiacha miaka michache ya kazi za mbali. Picha zote zinazotajwa leo zilitoka ndani ya nyumba hiyo ya familia.

Sekondari alisoma Armstrong, shule ya ufundi. Alipenda hesabu na michoro ya majengo, akatamani kuwa msanifu majengo, jambo ambalo msichana mweusi wa wakati ule hakuwa na njia ya kulifikia. Akaenda chuo cha ualimu cha Miner na kumaliza mwaka 1913, mwalimu wa chekechea. Alifundisha Maryland kwa muda, halafu miaka sita Wilmington, Delaware, kwenye kituo cha jamii, akiwafundisha watoto kuchora, kushona mavazi ya maigizo na kutengeneza vikaragosi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha weusi hapo Washington, mwaka 1921 alikuwa karibu na miaka 30, na alijiandikisha kusomea sayansi kimu, akilenga ubunifu wa mavazi. Mwaka uliofuata James V. Herring akaanzisha idara ya sanaa pale Howard na akamvuta ahamie kwake. Mwaka 1924 Alma akawa mhitimu wa kwanza wa idara hiyo. Kwa muda fulani, basi, wahitimu wote wa sanaa wa Howard walikuwa ni yeye peke yake.

Sasa ndipo tunapofika kwenye ile sentensi moja.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 mpaka 1960 alifundisha sanaa katika shule ya kati ya Shaw, hapohapo Washington, miaka 35 shule ileile. Ni shule ya watoto weusi, na mpaka mahakama kuu ilipoamua vinginevyo mwaka 1954, sheria ndiyo iliyotaka iwe hivyo. Mwalimu yeyote anajua maana ya miaka 35 katika shule moja. Unafundisha mtoto, kisha unafundisha mtoto wa mtoto huyo, na fundi wa kurekebisha madirisha anakusalimia "shikamoo mwalimu" wewe huna habari ulimfundisha lini.

Lakini ona alichokuwa akifanya pembeni. Likizo za majira ya joto alipanda treni kwenda New York kusoma Chuo cha Ualimu cha Columbia, na mwaka 1934 akapata shahada ya uzamili. Utafiti wake ulihusu vikaragosi vya kamba. Mwaka uliofuata akarudi New York kujifunza zaidi kwa Tony Sarg, aliyekuwa gwiji wa fani hiyo. Wasomi wa sanaa wanaopita haraka huona hilo ni jambo la kitoto. Aliyewahi kutengeneza kikaragosi hawezi kusema hivyo. Unachonga kichwa, unashona nguo, unapanga kamba ili mkono usimame kabla mguu haujainuka, kisha unapaka jukwaa rangi ambayo mtoto aliyekaa nyuma kabisa ataiona kwenye mwanga hafifu. Hapo rangi haina nafasi ya kuwa pambo. Ikififia, mhusika anapotea machoni pa watazamaji. Sina barua yake inayosema kwamba picha za uzee wake zilianzia kwenye vikaragosi, lakini nikizitazama naona mtu aliyezoea kupima rangi kwa umbali.

Mwaka 1936 alianzisha jumuiya ya sanaa ya shule, kazi yake ikiwa kuwapeleka wanafunzi weusi kuona kazi za wasanii weusi. Mwaka 1938 akafungua ukumbi wa picha ndani ya shule, wa kwanza katika shule za serikali za mji ule, kwa kuazima kazi kutoka Howard. Mwaka 1943 Herring, yule mwalimu wake wa zamani, pamoja na Alonzo Aden, walifungua nyumbani kwao galari ya Barnett-Aden, na Alma akawa makamu wa rais wake. Pale picha za weusi na wazungu zilitundikwa ukuta mmoja, na watu wa rangi zote walisimama mbele yake na glasi mkononi, katika mji ambao hoteli na mikahawa mingi ya katikati haikumpokea mtu mweusi. Miaka hiyohiyo alikuwa pia kwenye kikundi kilichoitwa Little Paris, kilichoanzishwa na Lois Mailou Jones, mwalimu wa Howard, na rafiki yake Mfaransa Céline Tabary. Wengi wa wanachama walikuwa walimu. Walikutana baada ya kazi, wakachora, wakakosoana.

Mwaka 1950, umri unakaribia 60, akajiandikisha tena kama mwanafunzi, safari hii Chuo Kikuu cha American. Akasoma huko jioni na siku za mapumziko kwa karibu miaka kumi huku bado akifundisha Shaw. Walimu wake, akina Robert Gates, Joe Summerford na Jacob Kainen, wote walikuwa wadogo kwake kwa umri. Nafikiria mtu aliyeshika chaki tangu asubuhi, jioni anakaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kuambiwa meza yako imepinda. Mtu huyo anangoja nini?

Kazi za mwanzo wa miaka hiyo ya 1950 ni za meza, vyombo na matunda, rangi nzito, kahawia na buluu. Kidogokidogo meza inaanza kuyeyuka. Kufikia mwisho wa muongo hakuna tena meza, ni mawimbi na madoa ya rangi. Hapo ndipo alipoingia kwenye sanaa dhahania. Kwa msomaji anayesikia neno hilo na kuwaza fujo, wachongaji wetu wa Kimakonde wana mtindo wa mawingu: kipande cha mpingo kinachongwa mpaka kinajikunja na kupinda, hakuna uso wala mtu wa kumtambua, na hakuna anayemdai mchongaji aeleze "hiki ni nini." Unatazama mkunjo. Kwa Alma unatazama rangi.

Januari 1960 akastaafu, miaka 68. Hapa niseme jambo ambalo wasimulizi wa "hujachelewa" hulisahau, labda kwa sababu hawajawahi kukimbizwa na mwenye nyumba. Alma alikuwa na paa la urithi. Hakuolewa, hakuwa na watoto, aliishi na mdogo wake wa kike, J. Maurice Thomas, mkutubi wa Howard, ambaye naye alikuwa na mshahara. Alisema mwenyewe kwamba aliolewa na sanaa yake, na kwamba ni mwanamume gani angeelewa alichokuwa akikihangaikia. Ni kauli ya kuchekesha, lakini ndani yake kuna hesabu. Mwalimu mwenye watoto wanne shuleni na kodi ya nyumba kila mwezi akishindwa kufanya aliyoyafanya Alma, asiambiwe ni mvivu.

Hata kustaafu kwenyewe hakukuwa kama tunavyosimuliwa. Watoto hawakumwacha wala yeye hakuwaacha. Jumapili mchana aliwakusanya watoto wa mitaa maskini akawaonyesha picha na kuwafundisha. Katikati ya miaka hiyo, 1964, baridi yabisi ikamshika vibaya kiasi cha kufikiri kuacha kuchora kabisa. Kilichomnyanyua ni mwaliko wa Howard. James Porter, mwalimu na mwanahistoria wa sanaa wa pale, alitaka kuandaa onesho la kazi zake za miaka yote, lifanyike mwaka 1966. Alma akaona aibu kupeleka vitu vya zamani tu. Akataka kitu ambacho hajawahi kukifanya, wala hajawahi kukiona kwa mtu mwingine.

Alikipata dirishani. Mbele ya nyumba kulikuwa na mti, na kutoka kwenye kiti chake sebuleni aliona majani yanavyokatakata mwanga kwenye kioo, upepo ukipita yanapangana upya. Akaanza kupaka rangi kwa vipande vifupi vya brashi, kimoja kando ya kingine, safu wima au duara ndani ya duara, na katikati ya kipande na kipande akaacha uwazi. Ndiyo picha tunazomjulia leo. Watu wakaziita kwa majina mengi. Yeye aliita vipande hivyo michirizi ya Alma.

Nilizikuta picha hizo Washington nilipokwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Silver Spring. Treni ya laini nyekundu inakushusha Gallery Place, unavuka barabara, na jumba la sanaa ya Marekani la Smithsonian liko hapo, bure, wanachungulia tu mkoba wako mlangoni. Dada alinipa saa moja kwa sababu alitaka twende madukani. Nilitumia saa hiyo yote mbele ya picha mbili.

Moja ni ya mwaka 1970, ya kupatwa kwa jua. Machi mwaka huo kivuli cha mwezi kilipita pwani ya mashariki ya Marekani. Kwenye picha kuna duara jeusi-buluu ambalo hakuliweka katikati, amelisogeza pembeni, na kulizunguka kuna pete baada ya pete za rangi mpaka nje ya kingo za turubai. Ukisimama mbali, pete zinazunguka. Ukisogea mpaka mlinzi anakukoholea, unaona kila pete ni vijitofali vya brashi visivyolingana: hiki kirefu, hiki kifupi, hiki kimewekwa mkono ukiwa umechoka, kikaishia na ncha kama ya kidole. Katika kazi zake nyingi mistari ya penseli aliyojipimia bado inaonekana, hakujisumbua kuifuta. Watu wa rula na rangi safi wa mji ule, akina Kenneth Noland na Gene Davis, ambao jina lake hutajwa pamoja nao, walipenda mstari usio na mkono wa mtu. Kwake mkono unauona. Mimi kama mwalimu niliona zaidi: hiyo ni penseli ya ubaoni, ya mtu aliyezoea kupigia watoto mistari kabla hawajapaka.

Ya pili ni ya mwaka 1976, alipokuwa na umri wa miaka 84 au 85. Jina lake lina maua mekundu ya azalea yanayoimba na kucheza roki, na ni turubai tatu zilizosimamishwa pamoja, upana wake jumla kama mita 4. Alizichorea ndani ya nyumba ileile. Hakuwa na studio ya maana. Alitumia jikoni na sebule, turubai akiiegemeza popote palipobeba, nyingine akiigeuza juu chini ili mkono ufike. Vipande vyekundu humo havina tena nidhamu ya safu. Vimekatika kwenye pembe, vingine vimekuwa kabari, vingine mwezi mchanga. Wanaomjua wanasema mikono ilikuwa ikimuuma sana miaka hiyo. Sitaki kusema maumivu ndiyo yaliyoleta uzuri, maneno hayo husemwa na watu wenye afya. Ninachosema ni kwamba alibadilisha alama zake zikafuata kile mkono ulichoweza.

Na wakati wa picha hizi za maua mji wake uliungua. Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, mtaa wa 14 na eneo zima la Shaw viliwaka moto. Mtaa wa 14 na wa 15 vimepakana, kwa hiyo moshi huo ulikuwa mlangoni kwake. Vijana wasanii weusi wa wakati huo walitaka sanaa iseme: ngumi, minyororo, nyuso za mashujaa. Yeye akaendelea na bustani. Si kwamba hakujua. Agosti 1963 alikuwepo kwenye maandamano makubwa ya Washington, pamoja na rafiki yake mwimbaji wa opera Lillian Evanti, na alichora umati ule na mabango yake. Kisha akaiacha njia hiyo. Mwaka 1970 akaeleza kwamba kwa njia ya rangi alichagua kushughulika na uzuri na furaha kuliko unyama wa binadamu kwa binadamu. Na alipoulizwa kama ni msanii mweusi, alijibu kwamba yeye ni mchoraji, yeye ni Mmarekani.

Jibu hilo liliwaudhi wengi na bado linawaudhi. Mimi mwenyewe nikilisikia peke yake linanikwaruza. Lakini nikilitazama pamoja na maisha yake naona si la mtu anayekimbia. Huyu ndiye aliyeweka picha za weusi ukutani kwa watoto weusi mwaka 1938, kabla ya hao vijana kuzaliwa. Alikuwa ameshalipa deni hilo darasani kwa miaka 35, mchana kweupe. Usiku na uzeeni alitaka rangi yake. Na mchoraji yeyote wa Dar es Salaam aliyejaribu kuuza turubai isiyo na simba, Mmasai wala machweo ya jua anaelewa hamu ya kuachwa uchore usichotarajiwa.

Kitu kingine kilichomvuta ni anga za mbali. Alizaliwa enzi za farasi na mkokoteni, na sasa kwenye televisheni ya rangi sebuleni watu wanatembea mwezini. Kuanzia mwaka 1969 alichora roketi zikiruka, vyombo vikianguka baharini, dunia ikionekana kutoka huko juu. Mwaka 1971 chombo kiitwacho Mariner 9 kilipofika Mars kilikuta sayari nzima imefunikwa na tufani la vumbi. Alma akapaka turubai vipande vyekundu safu kwa safu, chini yake buluu nzito ikichungulia. Picha hiyo, ya vumbi la Mars, ilikuwemo kwenye onesho la Whitney, na Whitney waliinunua.

Kuhusu onesho lenyewe, tusilipambe. Halikutoka mbinguni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wasanii weusi walikuwa wakiandamana mbele ya majumba ya sanaa ya New York, Whitney likiwemo, na jumba hilo likaanza kutoa chumba chake kidogo cha chini kwa maonesho ya msanii mmoja mmoja mweusi. Yaani mlango alioingilia Alma ulisukumwa na watu waliofanya sanaa kwa namna ambayo yeye hakuipenda. Kabla ya hapo, mwaka 1971, David Driskell alikuwa ameshamwandalia onesho Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha weusi huko Nashville. New York hawakumgundua. Waliambiwa.

Siku hizo aliliambia gazeti la New York Times kwamba utotoni kwao Georgia moja ya mambo waliyokatazwa ni kuingia makumbusho, sembuse kufikiria kutundika picha humo, na sasa mniangalie. Miezi michache baadaye jumba la sanaa la Corcoran, nyumbani Washington, likamfanyia onesho kubwa zaidi, na meya akaitangaza tarehe 9 Septemba kuwa siku ya Alma Thomas. Nina hakika wanafunzi wake wa zamani walikuwa mjini humo kwa maelfu, wakisoma gazeti na kusema, huyu si ndiye mwalimu wetu?

Kuna kisa kimoja kilichotokea akiwa marehemu ambacho naona kinamhusu mwalimu kuliko mchoraji. Mwaka 1963 alichora picha aliyoiita Watusi, jina la dansi iliyokuwa ikivuma Marekani wakati huo, na dansi nayo ilijitwalia jina la Watutsi wa Rwanda na Burundi bila hodi. Mwaka 2009 familia ya Obama iliazima picha hiyo kutoka jumba la sanaa la Hirshhorn la hapohapo Washington kwa ajili ya Ikulu. Mara wakosoaji wakapiga kelele mtandaoni: kaiba! Maumbo ni ya mchoraji Mfaransa Henri Matisse, kwenye ile kazi ya karatasi za kukatwa ya mwaka 1953 inayoitwa Konokono. Baadaye picha ikarudishwa Hirshhorn, Ikulu ikisema haikutosha ukutani ilipokusudiwa.

Ni kweli maumbo ni ya Matisse, na hakuna aliyefichwa. Alichukua mpangilio, akaugeuza, akabadilisha rangi, zile za moto zikawa za baridi, akaona kinachotokea. Hilo ni zoezi. Kila mwalimu wa sanaa hulitoa: mchukue bwana mkubwa, mpindue, badilisha kitu kimoja, niambie umejifunza nini. Tofauti ni kwamba mwalimu huyu alijipa mwenyewe zoezi hilo akiwa na miaka 71, na kilichofuata miaka mitatu baadaye hakikufanana na Matisse hata kidogo. Ikulu walimrudia: kazi yake ya mwaka 1966, duara la pete za rangi liitwalo Ufufuo, iliwekwa kwenye chumba cha chakula mwaka 2015, ya kwanza ya mwanamke mweusi kuingia kwenye mkusanyo wa kudumu wa Ikulu.

Siku hizi bei zake zimepaa. Mwaka 2021 jumba moja la Marekani liliuza bustani yake moja kwa dola milioni 2.8, na kuzuka mjadala kama jumba la umma lina haki ya kuuza. Alma mwenyewe alifariki Februari 1978, baada ya upasuaji wa moyo, hospitali ya Howard, akiwa na miaka 86. Picha nyingi alizoziacha zilikwenda Smithsonian.

Ukibahatika kupita Washington, anzia hapo Gallery Place, kisha tembea mpaka Hirshhorn, nako ni bure. Picha hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza mapokezi ni zipi ziko ukutani siku hiyo. Nyumba ya mtaa wa 15 bado ipo na imeorodheshwa rasmi kama jengo la kihistoria, lakini wanaishi watu, itazame ukiwa barabarani.